Mjomba Hakumwibia Mtu

Uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda hauko mbali na gereji ya mjomba wangu. Mara kadhaa kwa siku huacha spana juu ya benchi, akajifuta mikono kwa kitambaa na kutembea hadi mahali ambapo njia ya kutulia inaonekana. Nyingi ya ndege anazozitazama ni Cessna Caravan, zile za injini moja, zinazotoka Wilson au Maasai Mara kuwaleta watalii wa Diani. Watu wengine hutazama ndege. Yeye hutazama miguu yake.

"Hebu ona," aliniambia siku moja. "Hii miwili ya nyuma inadunda. Wa mbele haudundi vile. Kwa nini?"

Kwetu mjomba na mpwa huitana "mjomba" wote wawili, kwa hiyo nikamjibu, "Mjomba, sijui." Na mimi ndiye niliyesoma. Kwa miaka miwili nilikuwa kibarua katika ofisi moja ya mawakili Nairobi, kazi yangu ikiwa kusoma hati za hataza, au patenti kama wengi tunavyosema, na kutafuta kama kitu ambacho mteja anadai amekivumbua kimewahi kuvumbuliwa. Mjomba aliishia darasa la saba. Amekuwa akifungua na kufunga pikipiki tangu kabla bodaboda hazijajaa Ukunda.

Jibu, kwa wenye kutaka, ni hili. Miguu ya nyuma ya Caravan ni mabomba ya chuma cha springi. Yanajipinda ndege inapogusa lami, kisha yananyooka na kuirudisha juu nguvu ileile. Mguu wa mbele una mafuta ndani. Mafuta yanasukumwa kupitia tundu dogo, nguvu inageuka joto, na mambo yameisha. Springi haisahau ulichoifanyia. Mafuta husahau.

Lakini mjomba hakuuliza ili apate somo. Aliuliza kwa sababu alikuwa amekwisha kulijibu swali lenyewe kwa mikono yake, ndani ya shoki ya bodaboda, na sasa alitaka kuuza ng'ombe.

*

Kifaa chake ni hiki. Shoki ya kawaida ina tundu la ukubwa mmoja. Tundu likiwa kubwa, shoki ni laini, lakini ukiingia shimo la maana inagonga mwisho, ga! Likiwa dogo, shoki inakuwa ngumu kila mahali na abiria analalamika mgongo. Barabara za ndani za Msambweni wakati wa mvua hazikupi nafasi ya kuchagua. Kwa hiyo mjomba alichukua valvu kuukuu ya injini, akainoa mguu wake ukawa mwembamba juu na mnene chini, kama penseli, akausimamisha katikati ya tundu. Pistoni inapozama, sehemu nene inaliziba tundu kidogo kidogo. Kwenye kokoto ndogo shoki ni laini. Kwenye shimo kubwa inakaza yenyewe. Aliifunga kwanza kwenye boda ya kijana anayebeba madafu, na kijana akaacha kupoteza madafu.

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Tangu hapo amefunga nyingine nyingi, na kila fundi aliyekuja kuuliza, alionyeshwa.

Kisha rafiki yake mmoja anayebeba mizigo pale uwanjani akamwambia kwamba kitu kama hicho ndicho kinachohitajika kwenye ndege. Halafu akatokea dalali wa Mombasa, mwenye suti na mafaili, akamwahidi "hataza ya dunia nzima". Hataza ya dunia nzima haipo. Kila nchi hutoa yake. Hata ombi moja linaloweza kupelekwa ARIPO kule Harare huishia katika nchi wanachama ulizozitaja, si duniani. Dalali alitaka pesa kwanza. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa amepatikana. Nikamwomba mjomba anipe wiki mbili.

*

Mkaguzi wa hataza anafanya nini hasa? Chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001, wakaguzi wa KIPI, walio South C Nairobi, wana maswali makuu matatu. Je, kitu hiki ni kipya? Je, kina hatua ya uvumbuzi, yaani kisiwe jambo ambalo mtu wa fani hiyo angeliona waziwazi? Je, kinaweza kutengenezwa au kutumika katika shughuli za uzalishaji?

Ona yasiyoulizwa. Hakuna anayeuliza kama ulikesha. Hakuna anayeuliza kama ulikopi au ulikitoa kichwani mwako. Wala hakuna anayeuliza kama mguu huo wa ndege utavunjika. Hilo ni la watu wengine kabisa, wa usalama wa anga. Kanuni za Marekani kwa ndege kubwa za abiria, kwa mfano, zinataka miguu ihimili kushuka kwa futi 10 kwa sekunde, karibu mita 3, ndege ikiwa na uzito wake wa kutulia. Ni kama kuiangusha kutoka urefu wa karibu nusu mita. Unaweza kupewa hataza ya mguu ambao hautapita mtihani huo hata siku moja. Hataza si cheti cha ubora, na si tuzo. Tukumbuke hilo, nitalirudia.

Kwa hiyo nilikaa na laptop, nikafanya kama mkaguzi angefanya. Hati za hataza duniani zimepangwa kwa namba kama vitabu vya maktaba. Miguu ya ndege yenye mafuta iko B64C 25/60. Mkaguzi mvivu angeishia hapo. Mzuri anajiuliza: nani mwingine hapa duniani amewahi kuwa na tatizo hili la kitu kizito kinachokuja kwa kasi na lazima kisimamishwe bila kudunda? Anakwenda F16F 9, shoki za kila aina. Kisha anakwenda F41A 25, ambako ziko breki za mizinga.

Naam, mizinga. Ndege ya akina Wright ya mwaka 1903 haikuwa na shoki yoyote, ilitua kwa mbao kama sleji. Zilizofuata zilifungwa kamba za mpira. Lakini wanajeshi walikuwa wametangulia. Mzinga wa Kifaransa wa milimita 75, wa mwaka 1897, ulikuwa na mafuta na hewa ndani, ili bomba lirudi nyuma na kurejea mahali pake bila kuruka. Mafundi wa mizinga walijua pia kubadilisha nafasi ya mafuta kupita kadiri pistoni inavyokwenda. Mnamo 1926 kampuni ya Cleveland Pneumatic Tool ya Marekani ikaleta mguu wa ndege wa hewa na mafuta, ukaitwa Aerol. Kufikia miaka ya 1930 kulikuwa na hati zenye mchoro wa kijiti kilichochongoka, kimesimama katikati ya tundu, chembamba juu, kinene chini.

Niliutazama mchoro huo kwa muda mrefu. Ulikuwa ule wa mjomba. Ungeweza kuapa alimwibia mtu. Hakumwibia mtu. Hajui hata Cleveland iko upande gani wa ramani.

*

Sheria ina mtu wake wa kubuni, anayeitwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani. Mkaguzi anapopima hatua ya uvumbuzi, humwita mtu huyu akilini na kumuuliza, "Wewe ungeliona hili waziwazi?" Mtu huyu ni wa ajabu. Amesoma kila hati iliyowahi kuchapishwa katika fani yake, kwa Kijerumani, Kijapani, Kifaransa, na hajasahau hata moja. Ila hana cheche. Hawezi kuota jambo jipya. Ni maktaba yenye mikono.

Sasa mweke pembeni ya mjomba. Mjomba hajasoma hata hati moja, na ni cheche tupu. Mafundi wengi unaowajua wewe, wa Kariobangi, wa Kongowea, wa Ukunda, wako upande wa mjomba. "Fundi wa kawaida" wa sheria na fundi wa kawaida wa mtaani ni kinyume kabisa. Sheria inampima mtu mwenye cheche kwa kipimo cha mtu mwenye maktaba, kisha inamwambia: wewe si wa kwanza.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, na nadhani nawe ungeshikwa. Kwa nini uvumbuzi utegemee ulizaliwa wapi na lini? Kichwa cha mjomba kilifanya kazi ileile iliyofanywa na kichwa cha yule wa miaka ya 1930, labda ngumu zaidi, maana hakuwa na mzinga wa kuiga. Mmoja alipata hataza, mwingine anapata pole. Na ikumbukwe kwamba mpaka sheria ya mwaka 1989 ilipokuja, Kenya haikuwa na hataza zake yenyewe. Ilibidi upewe kwanza Uingereza, ndipo uje kuisajili hapa. Kijana wa Kwale wa mwaka 1970 aliyebuni kitu alipaswa kuanzia London. Mbio zilianza wengine wakiwa bado hawajaruhusiwa kuingia uwanjani.

Nilijaribiwa. Nilijua jinsi ya kuandika madai kwa ujanja: ungebana maneno, "shoki ya pikipiki ya kubebea madafu yenye valvu", ukiomba Mungu mkaguzi asifike kwenye mizinga. Nani angeumia? Kampuni ya Cleveland?

*

Nikajaribu kujibu swali hilo kwa uaminifu. Tuseme mjomba amepewa. Hataza inakaa miaka 20. Na kesho kuna fundi Likoni, kijana, hajawahi kumsikia mjomba, ana cheche zake, naye ananoa valvu na kuisimamisha katikati ya tundu. Sheria ya hataza haijali kwamba alijivumbulia mwenyewe. Huo si utetezi. Mjomba angeweza kumpeleka mahakamani kijana ambaye hakumwibia mtu.

Soma tena sentensi hiyo. Uchungu wa mjomba, kwamba amezuiwa ilhali hakumwibia mtu, ndio uchungu uleule ambao hataza yake ingempa mwingine. Hataza ni ua, na ua hauulizi kama aliyeko nje ni mwizi au ni mtu aliyekuwa akipita zake. Alexander Graham Bell na Elisha Gray walipeleka makaratasi yao ya simu siku moja, tarehe 14 Februari 1876. Mmoja tunamjua.

Basi nadhani tunachanganya vitu viwili chini ya neno moja, "mpya". Kuna kilicho kipya kwako na kilicho kipya kwa ulimwengu. Sifa, heshima, kupigwa begani, hivyo ni vya kile cha kwanza. Mtu aliyefika mahali kwa miguu yake amefika, hata akikuta wengine wamekaa. Lakini ua tunaujenga kwa ajili ya kile cha pili peke yake, kwa sababu ua unawagharimu watu wengine, na hatuna haki ya kuwatoza kwa habari waliyokuwa nayo tayari. Mkaguzi anayesema "hapana" hasemi "wewe si mvumbuzi". Anasema "sina haki ya kumfungia mlango yule kijana wa Likoni kwa niaba yako". Kosa letu, hasa sisi vijana tuliolelewa kwenye mashindano ya ubunifu na vyeti vya plastiki, ni kudhani karatasi ya serikali ndiyo inayothibitisha cheche.

Wadigo, kabla kadhi na mahakama hazijapata nguvu, walirithisha mali kwa upande wa mama: mali ya mtu ilikwenda kwa mpwa wake, si kwa mwanawe. Kisha sheria ya Kiislamu ikaja na hesabu nyingine, na watu wakavutana miaka na miaka. Nimekulia ndani ya mvutano huo, kwa hiyo sishangai nikiambiwa kwamba umiliki ni jambo la kupangwa. Swali ni kama mpango unamtendea haki aliyeko nje ya ua.

*

Ila sijamaliza na mkaguzi. Kama anataka tuheshimu "hapana" yake, lazima masikio yake yasikie pande zote.

Mwaka 1995 chuo kimoja cha tiba cha Marekani, cha Mississippi, kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano! Muulize bibi yeyote wa pwani. Baraza la utafiti la India, CSIR, lilipinga, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Lakini ilifutwaje? Hawakuletwa mabibi. Yaliletwa maandishi, yakiwemo ya Kisanskriti. Sheria ya Marekani wakati huo ilihesabu matumizi ya wazi kama yalifanyika ndani ya Marekani tu. Ya nchi nyingine yalihitaji kuchapishwa. Yaani jambo lililojulikana na watu wote wa Msambweni kwa karne nne, kama halikuandikwa, kisheria lilikuwa halijulikani. Ilibadilishwa kwa maombi yaliyoanza Machi 2013. Juzi tu.

Sheria yetu ya 2001 ilikuwa na adabu zaidi. Inasema ujuzi uliotangulia ni kila kitu kilichowekwa wazi popote duniani, kwa maandishi au kwa mdomo au kwa matumizi. Hiyo ni sentensi nzuri sana, na nadhani wengi wetu hatuijui. Inasema neno la mzee barazani ni ushahidi. Inasema ngalawa ikivuta nanga Gazi ni ushahidi. Tatizo ni kwamba mkaguzi akiwa South C na kompyuta yake, baraza halitokei kwenye skrini. Cleveland inatokea, kwa sababu Cleveland iliandika.

Na hapa nikagundua jambo la pili, ambalo lilinisumbua kuliko la kwanza. Kijiti chenyewe kilikuwa cha zamani, sawa. Lakini kukitengeneza kwa valvu kuukuu ya injini, na jinsi mjomba anavyotumia kile kichwa bapa cha valvu kama kitako, hilo sikuliona popote. Pengine hapo palikuwa na kitu kipya kweli. Si hataza kubwa, labda ile ndogo ya miaka 10 ambayo KIPI hutoa kwa maboresho, isiyodai hatua ya uvumbuzi. Isipokuwa mjomba ameitumia hadharani miaka minne. Sheria inakusamehe ukiwa umeonyesha kitu chako ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba. Baada ya hapo, boda zako mwenyewe zinatoa ushahidi dhidi yako.

Angeficha, angekuwa na nafasi. Alifundisha kila aliyeuliza, akaikosa. Mfumo unaosema unalipa watu ili wafichue siri zao haukuwa na cha kumpa mtu ambaye hakuwahi kuwa na siri.

*

Nilimwambia jioni, gereji ikifungwa. Nilianza na ng'ombe: asimuuze. Nikamwambia kuhusu dalali. Kisha nikamwonyesha mchoro kwenye simu.

Alikaa kimya. Akaukuza kwa vidole viwili, akaurudisha, akaukuza tena. Nilitegemea hasira, au lile neno la "sisi watu wa chini". Nilikuwa nimeandaa majibu.

"Huyu," akasema, akigusa kioo pale kijiti kilipo, "alitumia mafuta gani?"

"Haijaandikwa, mjomba."

"Na hapa juu ameweka hewa. Mimi sikuweka hewa." Akacheka kidogo, kama mtu aliyekutana na fundi mwenzake barabarani. "Hii karatasi ni ya nani sasa? Nikitengeneza kama yake, watanishika?"

Nikamwambia hapana. Miaka yake ilikwisha kabla yeye hajazaliwa, na tena ilikuwa ya Marekani, haijawahi kufika Kenya. Ni ya kila mtu. Iko na nyingine maelfu, za bure, kila moja na mchoro wake. Kwa pikipiki, nikasisitiza. Akinisogelea na habari za kufunga kitu chake kwenye ndege ya watu nitamripoti mimi mwenyewe.

"Yaani zote hizo ziko wazi," alisema, "na hukuwahi kuniletea?"

Sikuwa na jibu kwa hilo pia. Miaka miwili nilisoma hati hizo kwa ajili ya kutafuta "hapana". Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu nyumbani kwetu ambaye angezisoma kama barua alizoandikiwa.

Jumamosi iliyofuata tulifanya mambo mawili. Nilimchapishia michoro 11, akaibandika ukutani juu ya benchi, mafuta yakaanza kuilamba siku hiyohiyo. Kisha tukaifungua shoki yake ya valvu na kuipiga picha hatua kwa hatua. Nikaandika vipimo, jinsi ya kunoa, tarehe, na jina lake kamili, nikaweka yote mtandaoni mahali ambapo yeyote anaweza kusoma. Kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili siku moja mkaguzi fulani, akiwa na ombi la kampuni kubwa mezani lenye valvu kuukuu na kitako bapa, atafute, na Ukunda itokee kwenye skrini.

Mjomba aliniuliza kama hiyo ndiyo hataza. Nikamwambia hapana, hii ni ya kumzuia mtu mwingine asijenge ua hapo.

"Haya," akasema. Caravan ilikuwa inashuka. Akaweka spana chini na kwenda kutazama miguu.